Bima inanizungusha na ugonjwa haungoji. Nianze wapi?

SWALI

Kwako Mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, na naishi Nakuru upande wa Kiamunyi. Naomba jina langu lisitajwe. Kazini anayejua habari hii ni dada mmoja tu wa ofisi ya wafanyakazi, na kwetu hata mama yangu mzazi bado sijamwambia.

Miezi michache iliyopita nilianza kutokwa na damu siku ambazo si za hedhi. Nilidhani ni mambo ya umri. Nilipokwenda kupimwa, walitoa kipande wakapeleka maabara, na majibu yakarudi kwamba nina saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Daktari alinieleza kwa upole, hata akanichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Alisema kwa mahali nilipofika kisu si tiba yangu. Nahitaji mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua saratani, kisha mionzi ya ndani, ile inayowekwa mwilini karibu na uvimbe wenyewe. Akaniandikia rufaa kwa daktari bingwa katika hospitali moja ya kibinafsi Nairobi, akaniambia, "Huyu ndiye ningempelekea dada yangu." Maneno hayo yamenikaa kichwani.

Sasa njoo kwenye bima. Kampuni yetu inatulipia bima ya kibinafsi, na kusema kweli tulikuwa tukiiringia ile kadi. Kwanza waliniambia hospitali ile haimo kwenye orodha yao. Nikawaomba wanipe iliyomo, wakasema kabla ya hapo lazima nionwe na daktari wao. Nikaonwa. Wakataka kile kipande kisomwe upya katika maabara nyingine. Kikasomwa, majibu yakawa yale yale. Sasa wanasema saratani kwao inahesabiwa pamoja na magonjwa sugu, kiwango chake ni laki tatu kwa mwaka, na vipimo nilivyofanyiwa vimeshakula sehemu. Hospitali ya Nairobi imenipa makadirio ya laki tisa na ushee. Kila nikipiga simu anapokea mtu mwingine, naanza hadithi upya, naye ananiambia, "Mama subiri kidogo, naangalia kwa sistimu." Baadaye unaingia ujumbe: "Ombi lako linashughulikiwa." Nimefika mahali simu ikilia natamani kuitupa.

Baba watoto anataka tuuze ploti yetu ya Njoro. Nimekataa. Wifi yangu ananiambia niachane na mambo ya Nairobi, nitumie SHA, ile bima ya afya ya serikali, nianze mionzi hapa hapa Nakuru. Hofu yangu ni kwamba nikianza hapa, wale wa bima watasema nimejipatia suluhisho, wafunge faili, na nitakuwa nimewaachia haki yangu. Nakatwa SHA kila mwezi, mwajiri analipa bima juu yake, halafu siku ninapougua naambiwa nisubiri? Mimi si wa kuomba mchango kwenye makundi ya WhatsApp. Nataka kilicho changu.

Kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Nimesoma kwamba ugonjwa huu unaletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Maishani mwangu nimemjua mwanamume mmoja tu, naye ni mume wangu. Sijamuuliza. Lakini tangu nisome hayo, akizungumza habari ya kuuza ploti kwa ajili yangu, siwezi kumtazama usoni.

Nifanye nini, Mshauri? Niendelee kupigana na bima, tuuze ploti, au nianze hapa Nakuru? Na binti yangu wa miaka 11, je, naye yuko hatarini kwa sababu yangu?

Mama Wawili, Nakuru


JIBU

Dada yangu, pole sana. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa huko kuzungushwa, maana kunachosha kuliko hata sindano. Asante kwa kuniamini na lile ambalo hujamwambia mtu. Nitalifikia, wala sitalipita juu juu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umeuliza swali moja lenye maswali matatu ndani yake. Kuna swali la utibiwe wapi. Kuna la nani alipe. Na kuna lile lililo kati yako na baba watoto. Kwako yameshikana kiasi kwamba ukigusa moja, yote yanatikisika. Jaribu pamoja nami kuyatenganisha kidogo, hata kama ni kwa muda wa kusoma ukurasa huu tu.

Mimi si daktari, kwa hiyo haya ninayosema kuhusu tiba yapeleke kwa daktari wako ayathibitishe. Kwa hatua kama yako, matibabu ya kawaida ni mionzi ya nje siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, yaani vipindi vipatavyo 25, na kemo mara moja kwa wiki katika muda huo huo. Mionzi ya ndani hufuata. Madaktari hujitahidi yote yamalizike ndani ya wiki nane tangu siku ya kwanza, kwa sababu kukatizakatiza hupunguza nguvu ya tiba. Nakueleza haya kwa sababu katika barua yako ndefu, tarehe pekee unayoingoja ni ya bima. Sikuona mahali ulipoandika daktari alisema uanze lini. Je, umemuuliza? Mwulize hivi waziwazi: "Kwa hali yangu, mwisho wa kusubiri ni lini?" Ukishakuwa na jibu hilo mkononi, mambo mengine yote utayapima kwalo.

Na kama bado unatokwa na damu nyingi, au unasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje idhini ya mtu yeyote. Nenda hospitali leo. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Isitoshe, damu ikishuka sana mwilini tiba yenyewe inaweza kucheleweshwa mpaka uongezewe.

Sasa tuje kwenye neno "nitakuwa nimewaachia." Naelewa hasira yako, na ni ya haki. Ila hebu tulichunguze kidogo hilo wazo kwamba kuanza tiba Nakuru ni kusalimu amri. Nani alikuambia faili litafungwa? Ni wao walisema, au ni hofu yako iliyosema? Mikataba ya bima hutofautiana, na wako sijauona. Zipo bima nyingi za kazini zinazotaka SHA ilipe kwanza, nazo zijazie kinachobaki hadi kiwango chao. Ikiwa yenu ni ya namna hiyo, kutumia SHA hakukupotezei chochote, na huenda ndiyo njia ya kuzifanya hizo laki tatu zifike mbali. Ikiwa si ya namna hiyo, ni afadhali ujue sasa, tena kwa maandishi.

Na hapo kwenye maandishi nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi hupotezwa. Simu haiachi alama. Mwombe yule dada wa ofisi ya wafanyakazi akupe nakala ya mkataba wenyewe, si kile kijitabu chenye picha za familia inayocheka. Usome mahali panapotaja saratani, magonjwa sugu na hospitali zilizo nje ya orodha. Kisha iandikie kampuni ya bima barua pepe ukiomba uamuzi wao kwa maandishi pamoja na kifungu wanachokitegemea. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine kama anaihitaji ili kulinda haki yake, na si vibaya kukitaja kwa adabu. Uliza pia kama kampuni yenu ina broka wa bima, yaani mtu wa kati anayesimama baina ya mwajiri na kampuni ya bima. Wafanyakazi wengi hawajui kwamba yupo. Yeye hupata riziki kwa sababu ya mkataba wa mwajiri wako, kwa hiyo simu yake hupokelewa tofauti na yako. Mwajiri kupitia kwake anaweza kuomba malipo ya hisani, yaani bima ilipe zaidi ya kiwango ingawa mkataba hauilazimishi. Si haki ya kudai, na wanaweza kukataa, lakini asiyeomba hawezi hata kukataliwa. Wakikukatalia lile ambalo mkataba unakupa, ipo Mamlaka ya Kudhibiti Bima ambayo hupokea malalamiko ya wateja, na huko hutaanza hadithi upya, utapeleka karatasi.

Lakini kwa nini yote haya uyafanye wewe? Una mume, una wifi mwenye kujali, na una mtu mmoja ofisini. Mmoja wao anaweza kukabidhiwa hilo faili, ukampa idhini iliyotiwa sahihi ya kuzungumza kwa niaba yako. Mapigano ya karatasi yanaweza kuendelea huku wewe ukiwa umelala chini ya mashine.

Sitakuficha kwamba hata hapo kuna hatari. Ukipaza sauti kazini, siri yako itapanuka. Barua zitapita kwa watu, na Nakuru ni mji lakini maneno huenda haraka kama kijijini. Pia mikataba ya bima hufanywa upya kila mwaka, na masharti yanaweza kubadilika, kwa hiyo uliza wa kwenu unaisha mwezi gani. Wewe ndiwe unayejua unaweza kubeba kiasi gani cha hayo.

Kuhusu daktari bingwa. Yule daktari aliposema angempelekea dada yake, alikupa zawadi, na nadhani pia alikupa mzigo bila kukusudia, kwa kuwa sasa kila mlango mwingine unaonekana kama wa pili kwa ubora. Ningemrudia nimwulize: huyu bingwa anasifiwa kwa jambo gani hasa? Upasuaji, au mionzi? Kwa sababu kama ulivyoeleza, kisu si tiba yako. Utakaowategemea zaidi ni bingwa wa mionzi na mashine yake. Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ambayo wengi bado tunaiita PGH, ina kituo cha saratani chenye mashine ya mionzi ya kisasa. Kwa mionzi ya ndani waulize mapema wanawapeleka wapi wagonjwa wao; hospitali ya Moi kule Eldoret inayo, na Nairobi Kenyatta wanayo. Uliza pia foleni ina urefu gani. Kuna watu huanza mionzi ya nje vizuri, kisha wakafika kwa ile ya ndani wakakuta nafasi ni ya mwezi ujao, na zile wiki nane zinawaponyoka. Na ujue kwamba mionzi ya nje hupangwa kwa vipimo vya mwili wako katika mashine fulani, kwa hiyo kuhamahama katikati si jambo la kupendeza. Ukichagua, chagua mahali utakapoweza kumaliza.

Ipo njia ya katikati ambayo sijui kama umeifikiria. Unaweza kulipia mashauriano tu na yule bingwa wa Nairobi, ukaenda na karatasi zako zote, akakuandikia mpango wa matibabu na maoni yake, nawe ukaurudisha kwa madaktari watakaokutibu karibu na nyumbani. Gharama yake si ya kuuza ploti. Ubaya wake ni kwamba madaktari wanaweza kutofautiana, nawe ukabaki na mashaka zaidi kuliko ulivyokwenda. Wengine hutulizwa na maoni ya pili, wengine huvurugwa. Wewe ni yupi?

Tugeukie pesa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, Oktoba 2024, na mwanzoni kiwango chake cha kulipia saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na zikiisha, nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Oktoba 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba kiwango kingepanda kutoka hizo 550,000 hadi 800,000 kuanzia Desemba. Bei waliyoweka ilikuwa 3,600 kwa kipindi cha mionzi na hadi 5,500 kwa kipindi cha kemo. Piga hesabu: vipindi 25 ni 90,000, na kemo tano ni 27,500. Unaona mwenyewe umbali uliopo kati ya hapo na laki tisa za Nairobi. Hiyo haimaanishi hutatoa kitu mfukoni. Kuna vipimo, dawa za kichefuchefu, nauli, chakula, na siku ambazo mtandao wa SHA umelala na foleni haisogei. Kumbuka pia kiwango ni cha kaya nzima, si cha mtu mmoja. Kabla ya kwenda, bonyeza *147# uhakikishe wewe na baba watoto mmesajiliwa ipasavyo, na umwulize mwajiri kama yale makato ya asilimia 2.75 yanafika yanakotakiwa. Wapo waliokatwa na kufika dirishani wakaambiwa hawajalipiwa.

Sasa ile ploti. Umekataa iuzwe, na sheria iko upande wako kwa kiasi fulani: mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sababu nzuri za kukataa zipo. Anayeuza kwa haraka hupunjwa, na madalali wa Njoro wanajua harufu ya mtu mwenye shida. Kama mko kwenye sako, yaani chama cha akiba na mikopo, mkopo mdogo wa kuziba mapengo unaweza kutosha, ingawa nao ni deni la kulipwa na mtu anayepona. Na mchango, sitakusukuma. Nitasema tu kwamba wewe mwenyewe bila shaka umewachangia watu, na sidhani uliwadharau. Hata hivyo mchango hulipwa kwa siri yako, na ni haki yako kuona bei hiyo ni kubwa mno kwa sasa.

Lakini nilipofika mwisho wa barua yako ndipo nilipoanza kujiuliza: unaikataa pesa ya ploti, au unamkataa mwenye kuitoa? Huenda nimekosea. Ni wewe tu unayejua. Ulivyoandika kwamba huwezi kumtazama usoni, nikaona huenda kupigana na bima ni rahisi kuliko kudaiwa shukrani na mtu unayemshuku.

Basi sikiliza jambo hili kwa makini. Ni kweli, saratani hii karibu kila mara huletwa na virusi vya HPV, navyo huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini virusi hivi vimeenea mno, hata watu wengi walioingia katika mahusiano huvipata wakati fulani na mwili huvifukuza bila wao kujua. Vinapobaki, mara nyingi huchukua miaka kumi na tano au ishirini kuleta saratani. Vinaweza kuwa alikuja navyo kabla hata hamjaoana, wala yeye hajui. Hakuna daktari anayeweza kuangalia majibu yako akakuambia mumeo alifanya nini, lini, na nani. Simtetei, sijui maisha yake. Nasema karatasi ya maabara si ushahidi wa hilo.

Kumwuliza au kutomwuliza, hilo ni lako. Ukimwuliza leo, huenda mkapata kupumua, au mkafungua jambo ambalo hamna nguvu ya kulimaliza katikati ya mionzi. Ukinyamaza, utasindikizwa hospitali kila siku na mtu ambaye humtazami. Kuna wanandoa ambao humwomba daktari awaeleze habari ya HPV wakiwa wameketi pamoja, ili maelezo yatoke kwa mtu wa tatu, na swali likizuka lizuke mahali penye mtu wa kulipokea. Na hata mkiacha hilo kando, muonaneni na daktari pamoja kabla ya kuanza. Mionzi ya sehemu hiyo husimamisha hedhi moja kwa moja, na inaweza kubadilisha mambo ya chumbani kwa muda mrefu, na ni vizuri asikie kutoka kwa daktari, asije akayatafsiri vingine. Nakuru Hospice pia huwasaidia wagonjwa wa saratani na familia zao, hata walio katikati ya tiba. Watu hulisikia jina hilo wakadhani ni mahali pa waliokata tamaa, lakini sivyo.

Mama yako utamwambia utakapokuwa tayari. Nadhani tu kwamba atakuona siku ya kemo ya pili au ya tatu, na mama hahitaji karatasi ya daktari ili ajue mwanawe anaumwa.

Na binti yako. Hujamwambukiza, wala saratani hii si ya kurithiwa kama rangi ya macho. Tena umri wake ndio hasa wa kukingwa: chanjo ya HPV hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14. Kama hajachanjwa shuleni, si lazima uwe wewe wa kumpeleka, baba yake au shangazi yake anaweza. Na huyo wifi yako, kwa kuwa anakupenda kiasi hicho, mwulize na yeye mara ya mwisho alipimwa mlango wa kizazi lini.